Blaise Pascal na Uzito wa Hewa

Hewa hatuioni kwa macho, wala hatuwezi kuishika mkononi. Twaijua kwa upepo utikisapo majani ya miti, na kwa pumzi ziingiazo na kutoka katika mianzi ya pua zetu. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa hewa si kitu, na ya kuwa haina uzito wo wote. Hata wenye elimu wengi wa zamani hawakujua kazi ifanywayo na uzito huo. Miongoni mwa watu walioiondoa dhana hiyo yumo Blaise Pascal, mtu wa nchi ya Ufaransa, ambaye habari za maisha yake zafaa kusomwa na kila mwanafunzi.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni, mwaka wa 1623, katika mji wa Clermont, ambao leo huitwa Clermont-Ferrand. Mji huo uko katikati ya Ufaransa, karibu na milima ambayo zamani sana ilikuwa ikitoka moto. Babaye, Étienne Pascal, alikuwa mtu mwenye cheo katika baraza la mambo ya kodi, naye alipenda sana elimu ya hesabu. Mamaye alifariki mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Walibaki watoto watatu: Gilberte aliyekuwa mkubwa, Blaise mwenyewe, na Jacqueline mdogo wao. Mwaka wa 1631 baba aliwachukua watoto wake, akahamia nao mji wa Paris. Huko hakumpeleka mwanawe shuleni, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani.

Baba huyo alikuwa na shauri lake katika kufundisha. Alitaka mtoto ajue kwanza lugha za Kilatini na Kiyunani, ndipo afundishwe hesabu. Kwa maana alijua jinsi hesabu inavyoshika moyo wa mtu, akaogopa kwamba mtoto akiionja ataacha masomo mengine. Basi akavificha vitabu vyote vya hesabu. Dada yake Gilberte, aliyeandika habari za ndugu yake baada ya kufa kwake, asimulia kwamba Blaise alipopata umri wa miaka 12 alimwuliza baba elimu ya maumbo ni elimu gani. Baba akamjibu kwa maneno machache kwamba ni elimu ya kuchora maumbo kwa usahihi na kujua jinsi yanavyolingana, kisha akamkataza asiulize tena. Lakini mtoto, kila alipopata nafasi ya kucheza, alichukua kaa la moto lililozimika, akachora juu ya sakafu. Hakujua majina ya maumbo yale, kwa hiyo alijitungia majina yake mwenyewe. Siku moja baba aliingia chumbani asisikiwe, akamkuta mtoto akitafuta jumla ya pembe tatu za umbo la pembetatu, jambo ambalo watu huliona katika vitabu vya wenye elimu tu. Baba akatoka pasipo kusema neno, akaenda kwa rafiki yake akilia kwa furaha. Tangu siku ile mtoto akapewa vitabu.

Mwaka wa 1640 baba alitumwa mji wa Rouen kusimamia kodi, na jamaa yote wakaenda pamoja naye. Kazi ya kodi ilikuwa na hesabu nyingi mno, na mara nyingi baba alikesha usiku akijumlisha fedha. Blaise akamhurumia. Mwaka wa 1642, naye ana miaka 19, akaanza kutengeneza mashine ya magurudumu yenye meno, iwezayo kujumlisha na kutoa. Mafundi walikosea mara nyingi, naye alijaribu mifano mingi hata akafaulu. Mashine ile ilikuwa mojawapo ya mashine za kwanza za hesabu duniani. Lakini kazi nyingi zilimdhoofisha. Dada yake amesema kwamba tangu alipopata umri wa miaka 18 haikupita siku hata moja asione maumivu mwilini.

Sasa na tueleze jambo lililompatia sifa kuu. Tangu siku za Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, watu walifundishwa kwamba hapawezi kuwapo mahali patupu kabisa, pasipo kitu cho chote. Walisema kwamba maumbile huchukia utupu, na kwa sababu hiyo maji hupanda ndani ya bomba la kisima: kizibo cha ndani kikivutwa juu, maji hukifuata upesi ili nafasi isibaki tupu. Watu wengi waliridhika na maneno hayo. Lakini wachimbaji na mafundi wa visima walijua neno moja lililoshangaza: bomba la kuvuta halikuweza kuyapandisha maji zaidi ya kadiri ya mita 10. Kizibo kikipanda juu zaidi, maji hayakukifuata. Galileo, bingwa wa Italia, aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1638, ila hakupata sababu yake iliyo kweli. Ikiwa maumbile huchukia utupu, mbona chuki hiyo hukoma kwenye mita 10?

Baada ya Galileo kufa, Evangelista Torricelli, aliyekuwa amekaa naye katika miezi yake ya mwisho, aliiendeleza kazi ile. Badala ya maji alitumia zebaki, ambayo uzito wake ni zaidi ya mara 13 ya uzito wa maji. Ulitwaliwa mwanzi wa kioo, mrefu zaidi ya mita moja, uliozibwa upande mmoja, ukajazwa zebaki pia. Mdomo wake ukazibwa kwa kidole, mwanzi ukapinduliwa, na mdomo ukatumbukizwa ndani ya bakuli lenye zebaki, ndipo kidole kikaondolewa. Zebaki haikumwagika yote. Ilishuka kidogo, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake ikaachwa nafasi isiyo na hewa. (Zebaki ni sumu, na mvuke wake hudhuru mwili, mwanafunzi asiichezee kamwe.) Mwaka wa 1644 Torricelli alimwandikia rafiki yake huko Roma kueleza maana ya jambo hilo. Alisema kwamba sisi wanadamu twakaa chini ya bahari ya hewa, kama samaki wakaavyo chini ya maji. Hewa hiyo huilemea zebaki iliyo katika bakuli, na kuisukuma ipande ndani ya mwanzi, mpaka uzito wa zebaki ulingane na uzito wa hewa, kama vile pande mbili za mizani. Maji ni mepesi kuliko zebaki, ndiyo sababu hupanda hata mita 10 kabla ya kulingana.

Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa wazo tu, halikuthibitishwa. Torricelli alikufa mwaka wa 1647 akiwa na umri wa miaka 39, na wengi walizidi kushika mafundisho ya kale. Wengine walisema kwamba nafasi ile juu ya zebaki si tupu, bali imejaa mvuke wa zebaki yenyewe au hewa nyembamba ipenyayo katika kioo.

Mwaka wa 1646 Pierre Petit, rafiki wa baba, alifika Rouen akawasimulia Pascal na babaye habari za zebaki. Wakalifanya jaribio lile pamoja, wakaona ya kuwa ni kweli. Pascal hakutosheka. Katika Rouen kulikuwa na kiwanda kizuri cha vioo, naye akaagiza mianzi ya kioo yenye urefu wa futi 46, ikafungwa kwenye mlingoti wa merikebu ili isivunjike. Mmoja ukajazwa maji, na mwingine divai nyekundu, mbele ya watu wengi. Wale waliosema kwamba nafasi ya juu hujazwa na mvuke walitazamia ya kuwa divai itashuka zaidi kuliko maji, kwa sababu divai hutoa mvuke mwingi. Mianzi iliposimamishwa na kufunguliwa, ikaonekana kinyume chake: divai ilisimama juu kidogo kuliko maji. Na hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa, kwani divai ni nyepesi kidogo kuliko maji.

Mwaka wa 1647 Pascal alipiga chapa kitabu kidogo cha majaribio yake. Kasisi mmoja mwenye elimu nyingi, Étienne Noël, akamwandikia kumpinga, akisema kwamba nafasi ile hupitisha mwanga, na kitu kipitishacho mwanga hakiwezi kuwa utupu. Pascal alimjibu kwa heshima kwamba haifai kusema neno ni yakini mpaka liwe wazi kabisa kwa akili au kwa milango ya fahamu, au litokane na neno lililo wazi hivyo. Mengine yote ni dhana, na dhana haigeuki kuwa kweli kwa sababu imesemwa na wakubwa. Hata hivyo alijua ya kuwa na yeye pia angali na dhana tu. Alikuwa bado hajaonyesha kwamba ni uzito wa hewa uliozuia zebaki isishuke.

Ndipo likamjia shauri la mlima. Ikiwa zebaki hushikwa na uzito wa hewa, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu yetu imepungua, hapana budi zebaki ishuke. Lakini ikiwa hushikwa na chuki ya maumbile, zebaki haitashuka. Kwa kuwa nani awezaye kusema kwamba maumbile huchukia utupu zaidi chini ya mlima kuliko juu yake? Jaribio moja lingeamua kati ya mambo hayo mawili. Descartes, bingwa mwingine wa Ufaransa, aliyemtembelea Pascal mwezi wa Septemba 1647, alidai baadaye kwamba shauri hilo lilitoka kwake.

Lakini wakati huo Pascal alikuwa mgonjwa sana. Miguu yake ilikuwa baridi na dhaifu, akatembea kwa magongo, wala hakuweza kumeza kinywaji isipokuwa kimetiwa moto, naye akinywe tone kwa tone. Alikaa Paris, mahali pasipo na mlima. Mtu mwenye akili ya kuwaza jambo lile hakuwa na miguu ya kulitenda. Basi tarehe 15 Novemba 1647 alimwandikia shemeji yake Florin Périer, mume wa Gilberte, aliyekaa kule Clermont, karibu na mlima wa Puy de Dôme. Kilele cha mlima huo kina mita 1,465 juu ya bahari, na kadiri ya mita 1,000 juu ya mji. Akamwomba apande na zebaki mpaka juu, na kuipima chini na juu siku ile ile.

Pascal alingoja miezi kumi. Périer alikuwa na kazi nyingi za serikali mahali pengine, na tena mlima ulifunikwa na theluji na ukungu. Hatimaye, Jumamosi tarehe 19 Septemba 1648, asubuhi mapema, kilele kilionekana. Périer akawaita makasisi wawili watatu na watu wengine wa mji wenye kuaminiwa, wakakutana saa mbili ya asubuhi katika bustani ya watawa, mahali palipo chini kabisa katika mji. Walikuwa na ratili 16 za zebaki iliyosafishwa, na mianzi miwili ya kioo iliyo sawa. Wakapima mara kadhaa katika mianzi yote miwili, wakaona zebaki imesimama kwenye kimo kile kile, kadiri ya sentimita 71. Mwanzi mmoja wakauacha bustanini umesimama, na mtawa mmoja akaombwa autazame mchana kutwa, asije mtu akasema baadaye kwamba zebaki iligeuka kwa sababu ya hali ya siku. Mwingine wakauchukua, wakaanza kupanda.

Walipofika juu wakajaza mwanzi, wakaupindua, wakapima. Zebaki ilisimama kwenye kimo cha sentimita 63 tu, yaani ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Périer amesimulia jinsi walivyojawa na mshangao na furaha. Hawakuamini mara moja. Walipima tena mara tano, mahali mbali mbali pa kilele: ndani ya kijumba cha sala, kisha nje, penye upepo na pasipo upepo, wakati wa jua na wakati wa mvua na ukungu. Kila mara hesabu ilikuwa ile ile. Walipokuwa wakishuka walipima tena mahali pa katikati, wakaona zebaki imesimama kati ya hesabu ya juu na ya chini, kama ilivyotazamiwa. Walipofika bustanini, yule mtawa akawaambia ya kuwa zebaki yake haikusogea kabisa siku nzima. Siku ya pili Périer akapanda mnara wa kanisa kuu la mji, ambao haufiki mita 50, na hata huko zebaki ilishuka kidogo, yapata milimita 4 na nusu.

Barua ya habari hizo ilipofika Paris, Pascal alifurahi mno. Akalijaribu jambo hilo katika mnara mrefu wa Paris, akaona vivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 1648 akazipiga chapa habari zote. Hapo alikiri wazi kwamba yeye mwenyewe hapo kwanza alishika mafundisho ya kale, wala hakuyaacha kwa kupenda mambo mapya, bali kwa kulazimishwa na ushahidi. Tangu hapo chombo cha zebaki kikatumika kama kipima-hewa. Périer aliendelea kupima kule Clermont tangu 1649 hata 1651, na hesabu zake zikalinganishwa na za Paris na za Stockholm katika Sweden, ikaonekana kwamba uzito wa hewa hubadilika pamoja na hali ya mvua na jua. Ndiyo sababu mpaka leo watabiri wa hali ya hewa hupima nguvu ya hewa kila siku.

Wanafunzi waweza kujiuliza: ikiwa hewa ni nzito, mbona haituumizi? Karibu na bahari hewa husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kiganja cha mtu mzima chaweza kuchukua kilo 100 hivi, naye hana habari. Sababu ni kwamba hewa haisukumi kutoka juu tu, bali pande zote sawasawa, chini ya kiganja kama juu yake. Tena hewa na maji yaliyo ndani ya miili yetu hujibu kwa nguvu ile ile kutoka ndani. Na mtu akipanda, nguvu hiyo hupungua. Mtu akichukua kipima-hewa cha zebaki kutoka Mombasa, kando ya bahari, mpaka Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600, zebaki itashuka zaidi ya sentimita 12. Na juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, itasimama karibu nusu ya kimo cha pwani. Ndiyo sababu wapandao mlima ule huhema sana, hata kama miguu yao ina nguvu.

Maisha ya Pascal yaliyobaki twaweza kuyasimulia kwa ufupi. Alieleza kwamba maji yaliyofungwa ndani ya chombo yakisukumwa mahali pamoja, nguvu hiyo huenea pande zote; na mashine nyingi za kuinua vitu vizito zategemea kanuni hiyo. Mwaka wa 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya hesabu ya mambo ya bahati. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 23 Novemba, alipata badiliko kubwa moyoni, akajitoa kwa Mungu. Maneno ya usiku ule aliyaandika katika karatasi, akaishona ndani ya nguo yake. Wala haikuonekana ila baada ya kufa kwake. Mwaka wa 1662 yeye na wenzake walianzisha magari ya farasi yapitayo njia maalum katika Paris, ambayo watu walipanda kwa nauli ndogo, naye alitaka faida yake iwasaidie maskini.

Mwaka huo huo alikuwa amewapa maskini fulani nafasi katika nyumba yake, na mtoto wao akashikwa na ndui. Pascal mwenyewe alikuwa mgonjwa mahututi, na watu walitaka mtoto yule aondolewe. Lakini yeye alisema kwamba safari itamdhuru mtoto kuliko itakavyomdhuru mwenyewe, akatoka yeye katika nyumba yake, akahamia kwa dada yake Gilberte. Huko ndiko alikofariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na umri wa miaka 39. Kitabu chake juu ya uzito wa hewa kilipigwa chapa mwaka uliofuata, na mawazo yake juu ya dini mwaka wa 1670.

Tangu mwaka wa 1971 jina lake limekuwa kipimo cha dunia nzima: nguvu ya hewa, na ya kila kitu kisukumacho, hupimwa kwa pascal. Mtu huyo hakupanda mlima ule hata mara moja kwa jaribio lake. Lakini alijua ni swali gani la kuuliza, na jinsi ya kuliuliza hata mlima wenyewe ukajibu. Tena alikuwa tayari kulipokea jibu, hata kama lingempinga yeye mwenyewe.